Kichaa cha Mbwa na Njia ya Mishipa ya Fahamu

Katika maradhi yote yampatayo mwanadamu, ni machache yaliyomtia hofu kwa muda mrefu kama kichaa cha mbwa. Mtu huumwa na mbwa, jeraha hupona, kovu hubaki, naye hurudi kwenye kazi zake akidhani kuwa mambo yamekwisha. Kisha, baada ya wiki au miezi, huanza kuogopa maji ya kunywa, na baada ya siku chache hufa. Watu wa kale waliyaona hayo wasiweze kuyaeleza. Ugonjwa huo ulikuwa wapi siku zote hizo, na ulipita njia gani kutoka mguuni hata kichwani? Jawabu la swali hili lilipatikana polepole, na kila hatua ya kulitafuta iliongeza elimu ya mwanadamu juu ya ubongo wake na mishipa yake ya fahamu. Kwa sababu hiyo historia ya kichaa cha mbwa ni historia ya elimu hiyo pia, nayo inatuhusu sana sisi tukaao Kitengela na Kajiado.

Nchi yetu hii ni nchi ya mifugo na ya wanyama wa porini pamoja. Kwa mapatano ya mwaka 1904 na mwaka 1911 Wamaasai walitengewa hifadhi ya kusini, ambayo Kajiado imo ndani yake. Mnamo mwaka 1946 Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa, na upande wake wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, uliachwa bila ukuta, ili nyumbu na punda milia waweze kutoka na kuingia katika mbuga za Kitengela. Fisi na bweha hupita njia hiyo hiyo. Katika boma la mfugaji mbwa ndiye mlinzi: huenda machungani na kondoo mchana, na usiku hubweka anyemelewapo ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ardhi ya ranchi ya jumuiya ya Kitengela iligawanywa kwa watu binafsi, na tangu hapo viwanja, nyumba na maduka vimeongezeka kando ya barabara iendayo Namanga. Kila mwenye kiwanja hutaka mbwa wa kulinda lango, na mbwa wengine hukaa majalalani bila mwenyewe. Hivyo mbwa wa mjini, mbwa wa boma na bweha wa porini wamekuwa majirani, na maradhi ya mmoja yaweza kuwa ya wote.

Kabla ya kuendelea na historia, yafaa tujue jinsi mfumo wa fahamu ulivyojengwa. Sehemu zake kuu ni tatu. Ya kwanza ni ubongo, uliomo ndani ya fuvu la kichwa. Ya pili ni uti wa neva, kamba laini ishukayo kutoka kwenye ubongo ikipita ndani ya mifupa ya mgongo. Ya tatu ni mishipa ya fahamu, iitwayo pia neva, itokayo katika ubongo na katika uti wa neva na kuenea mwilini mwote hata kwenye ncha za vidole. Mishipa hii haichukui damu. Baadhi ya nyuzi zake hupeleka habari za joto, baridi na maumivu kwenda juu, na nyingine huleta amri kutoka juu kwenda kwenye misuli. Ubongo nao una sehemu zake. Ubongo mkubwa ndio wa kufikiri, kukumbuka na kutaka. Ubongo mdogo, ulioko nyuma chini yake, husawazisha mwendo. Shina la ubongo, liunganalo na uti wa neva, husimamia pumzi, mapigo ya moyo na kumeza.

Wafugaji walijifunza sehemu ya mambo haya muda mrefu kabla ya vitabu kufika. Wamaasai wana jina la ugonjwa wa kuzunguka, nao ni *ormilo*. Kondoo au mbuzi mwenye ugonjwa huo hutembea kwa mduara, hugonga vitu, huachwa nyuma na kundi, na mwisho hulala asiweze kuinuka. Achinjwapo, mara nyingi huonekana ndani ya fuvu lake mfuko wa maji unaobana ubongo. Sasa twajua kuwa mfuko huo ni mtoto wa tegu akaaye katika matumbo ya mbwa. Mbwa hupewa kichwa cha kondoo mgonjwa, naye hula mfuko pamoja na ubongo. Tegu hukua ndani yake, na mayai hutoka na kinyesi na kuanguka juu ya majani yaliwayo na kondoo wengine. Aghalabu mnyama huzunguka kuelekea upande ule ambao mfuko umebana. Hapo pana somo kubwa: ubongo una pande zake na sehemu zake, na palipo na madhara ndipo panapoamua namna ya ugonjwa. Tutaliona tena somo hili katika kichaa cha mbwa, ingawa kisababishi chake ni kingine kabisa.

Maandiko ya zamani sana yanaonyesha kwamba watu walijua hatari ya mbwa mwenye kichaa. Katika nchi ambayo leo ni Iraki palikuwa na mji uitwao Eshnunna, na sheria zake, zilizoandikwa kwenye vigae vya udongo yapata miaka 3,800 iliyopita, zilisema hivi: ikiwa mwenye mbwa kichaa ameonywa na wakubwa asimzuie mbwa wake, na mbwa akamwuma mtu huru hata akafa, mwenye mbwa atalipa shekeli 40 za fedha. Aliyeumwa akiwa mtumwa, malipo yalikuwa shekeli 15. Thamani tofauti ya watu katika sheria hiyo yatuchukiza, lakini msingi wake mwingine wastahili kufikiriwa: mbwa ana mwenyewe, na aliyeonywa asisikie huwajibika.

Watu wa Eshnunna walijua kuuma na walijua kufa, ila hawakujua kilichokuwa kati ya hayo mawili. Katika karne ya 2 tabibu Galen, mzaliwa wa Pergamon, alipasua wanyama na kukata uti wa neva mahali mbalimbali. Aliona kwamba sehemu ya mwili iliyo chini ya mkato hupoteza hisia na mwendo, na ya juu hubaki kama ilivyokuwa. Hivyo alithibitisha kuwa amri za mwendo hutoka kichwani na kushuka kwa njia ya uti huo. Karne nyingi baadaye Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika juu ya mbwa kichaa na dalili zake katika kitabu chake kikubwa cha utabibu, na kitabu hicho kilisomwa Mashariki na Magharibi kwa mamia ya miaka. Hata hivyo hakuna aliyeweza bado kuonyesha njia ambayo sumu ya mbwa huifuata.

Katika karne ya 19 watu walianza kulijaribu jambo hili kwa utaratibu. Mwaka 1804 Mjerumani Georg Gottfried Zinke alichukua mate ya mbwa mgonjwa na kuyapaka katika mkato wa mbwa mzima, naye akaugua. Basi ikajulikana kuwa ugonjwa umo katika mate. Mwaka 1850 Hermann Helmholtz alipima mwendo wa habari ndani ya mshipa wa fahamu wa chura, akapata kadiri ya mita 27 kwa sekunde moja. Katika nyuzi zilizo nyepesi kabisa za mwili wa mwanadamu mwendo huo hufika mita 100 na zaidi. Mwaka 1888 Mhispania Santiago Ramón y Cajal alianza kuonyesha kwa darubini kwamba mfumo wa fahamu si wavu mmoja usiokatika. Ni mkusanyiko wa seli zilizo mbalimbali, zinazopeana habari mahali zinapokaribiana. Seli hizo huitwa nyuroni, na kila moja ina uzi wake. Seli iliyomo ndani ya uti wa neva, sehemu ya chini ya mgongo, yaweza kuwa na uzi ufikao hata kwenye wayo.

Uzi huo mrefu ndio barabara tuliyokuwa tukiitafuta. Mwaka 1889 Waitalia wawili, Di Vestea na Zagari, walieleza majaribio yao. Walitia sumu ya kichaa katika mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu wa mnyama, wakaona kupooza kunaanza katika mguu ule ule kabla ya kupanda juu. Mshipa ulipokatwa juu ya mahali pa sindano, mnyama aliweza kuokoka, kwa kuwa daraja lilikuwa limevunjwa. Leo twajua zaidi. Kisababishi ni virusi, vidogo visivyoonekana kwa darubini ya kawaida. Vikiingizwa na meno ya mbwa hukaa kwanza katika nyama ya jeraha, kisha huingia katika ncha ya mshipa wa fahamu inapogusana na msuli, na kupanda ndani ya uzi wake. Habari ya maumivu hufika kichwani kabla mtu hajamaliza kupiga kelele, lakini virusi hivi huenda kwa milimita tu kwa siku, hata 50 au 100. Ndiyo maana ugonjwa huonekana aghalabu baada ya mwezi mmoja hata mitatu, mara chache kabla ya wiki moja kwisha au baada ya mwaka. Aliyeumwa usoni huwa katika hatari ya karibu zaidi kuliko aliyeumwa mguuni, kwa kuwa njia yake ni fupi. Katika muda wote huo mgonjwa haoni lolote, na hata damu yake haioneshi kitu.

Virusi vifikapo katika ubongo, somo la *ormilo* hurudi. Shina la ubongo ndilo lisimamialo kumeza na kupumua. Likidhuriwa, misuli ya koo hukakamaa kwa uchungu kila mgonjwa ajaribupo kunywa, hata akafika kuogopa kikombe chenyewe, ingawa ana kiu kali. Zikidhuriwa sehemu za ubongo zitawalazo hofu na hasira, mgonjwa hufadhaika, na mbwa aliyekuwa mpole huuma ovyo. Wengine hawafadhaiki, hupooza tu kimyakimya. Kutoka katika ubongo virusi hushuka tena kwa mishipa mingine hata kwenye matezi ya mate, na hapo huwa tayari kuingia katika jeraha jingine. Mwaka 1903 Adelchi Negri aliona ndani ya nyuroni za wanyama waliokufa kwa ugonjwa huu vitone vya pekee, na kwa zaidi ya nusu karne vitone hivyo vilikuwa ushahidi wa kupimia ubongo wa mbwa katika maabara. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna dawa iliyothibitishwa ya kumrudisha.

Lakini ule mwendo wa polepole, uliokuwa fumbo kwa watu wa kale, ndio uliogeuka kuwa nafasi ya kuokoa maisha. Louis Pasteur wa Ufaransa aliitambua nafasi hiyo. Yeye na wenziwe walichukua uti wa neva wa sungura waliougua, wakaukausha siku nyingi hata nguvu ya ugonjwa ikapungua. Tarehe 6 Julai 1885 aliletewa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9, aliyeumwa na mbwa siku mbili kabla. Mtoto huyo alipigwa sindano 13, kwanza za uti uliokauka sana, kisha za uti wenye nguvu zaidi na zaidi, naye hakuugua. Chanjo iliwahi kuufundisha mwili kujilinda kabla adui hajafika ubongoni. Taasisi ya Pasteur ilifunguliwa Paris mwaka 1888, na taasisi nyingine zikafuata katika nchi nyingi.

Msaada huo haukukosa madhara. Chanjo za zamani zilitengenezwa kwa ubongo wa wanyama. Ile ya David Semple, iliyotengenezwa India mwaka 1911, ilienea katika nchi nyingi za joto, nayo iliokoa watu wengi. Lakini nyuzi za nyuroni nyingi zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, iharakishayo habari kama ngozi ihifadhivyo waya wa umeme. Mtu alipodungwa ubongo wa mnyama, mara nyingine mwili wake uliitambua mayelini hiyo kuwa ni adui, kisha ukaigeukia mayelini yake mwenyewe, na mgonjwa akapooza kwa dawa iliyokusudiwa kumponya. Kwa sababu hiyo wataalamu walitafuta chanjo iliyokuzwa katika seli za maabara pasipo ubongo. Chanjo hizo zilipatikana katika miaka ya 1960 na 1970, na Shirika la Afya Duniani limehimiza tangu miaka ya 1980 kwamba zile za kale ziachwe.

Sasa tuitazame Kenya. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukakua upesi pamoja na mbwa wake. Mwaka 1910 maabara ya mifugo ilianza kazi Kabete. Mwaka 1912 kichaa kilithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini, katika mbwa mmoja wa pembezoni mwa Nairobi. Si mwendo mrefu kutoka hapo hata mbuga za Kitengela. Mwaka 1928 ilitolewa habari ya mtu wa kwanza kuthibitishwa kuwa na ugonjwa huo, mwanamke wa upande wa Ziwa Viktoria. Serikali ilitunga sheria mahsusi ya kichaa cha mbwa, na chanjo ya mbwa ikaanza kutumika, lakini ugonjwa haukutoka. Jirani zetu wa Machakos wamekaa nao tangu miaka ya 1950. Watafiti walipokwenda huko mapema katika miaka ya 1990, wakatafuta wagonjwa kijiji kwa kijiji badala ya kungoja waletwe ofisini, waliona kwamba mbwa wenye kichaa walikuwa wengi mara nyingi zaidi ya walioandikwa katika vitabu vya serikali. Jambo hili ni zito. Kifo kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakitengewi dawa.

Wanyama wa porini pia wamelipa gharama. Mwaka 1989 kundi la mbwa mwitu lililochunguzwa na wataalamu upande wa Aitong, karibu na Maasai Mara, liliangamizwa na kichaa. Watu wengine husikia habari kama hizo wakadhani kuwa porini ndiko kwenye chanzo. Kwa hakika mbwa wa nyumbani ndio waudumishao ugonjwa huu Afrika Mashariki, na ndio wauleteao mwanadamu: kati ya watu 100 wafao kwa kichaa duniani, 99 waliupata kwa mbwa. Inakadiriwa kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka duniani, na hesabu ya serikali ya Kenya ni kuwa hapa kwetu waweza kufika 2,000. Kati ya waumwao, watoto walio chini ya miaka 15 ni wengi mno, maana wao ndio wachezao na mbwa na ndio waogopao kusema nyumbani kwamba wameumwa.

Je, ugonjwa huu waweza kukomeshwa? Kisiwa cha Pemba kimetoa jawabu. Kampeni za kuchanja mbwa kwa wingi zilianza huko karibu na mwaka 2010, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Mwaka 2016 uliingia tena kutoka nje ya kisiwa, kwa kuwa ulinzi ulikuwa umelegea. Chanjo ikarudiwa, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 ulikuwa umekwisha tena. Wataalamu wamekadiria kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa mwaka hata mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita. Kuwaua mbwa hakusaidii, maana mahali pa waliouawa huingia wengine wasiochanjwa. Mwaka 2014 Kenya nayo ilitoa mkakati wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Kisiwa kina bahari ya kukilinda. Mbuga za Kajiado hazina bahari wala ukuta, kwa hiyo kazi yetu ni kubwa zaidi, na haiwezi kufanywa na boma moja likiwa peke yake.

Yako mambo ambayo mwanafunzi aweza kuyafanya, na kila moja latokana na historia tuliyoisoma. Aumwapo mtu na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, maana virusi vingali katika nyama, havijaingia katika mshipa. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, na asiache sindano yoyote kati ya zile alizopangiwa, hata kama jeraha limefunga. Jiwe la kunyonya sumu, dawa ya mitishamba au kusubiri kuona kama mbwa atakufa visimpotezee saa zake, kwa kuwa saa hizo ndizo mali aliyo nayo. Ng'ombe au punda aliyeumwa akianza kutokwa na mate na kulia kwa sauti ya ajabu, asitiwe mkono kinywani kwa kudhani kuwa amekwamwa na mfupa. Na mwenye mbwa ampeleke kuchanjwa kila mwaka, asingoje kuonywa kama yule mtu wa Eshnunna.

Wahenga walisema kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika ugonjwa huu kungoja huua. Kati ya jino la mbwa na ubongo wa mtoto pana uzi mwembamba, na katika uzi huo adui hutembea polepole. Wanadamu walihitaji maelfu ya miaka kuijua njia hiyo na kujua kwamba yaweza kufungwa. Elimu hiyo sasa tunayo. Mtoto wa Kitengela akifa leo kwa kichaa cha mbwa, hafi kwa sababu wanadamu hawajui la kufanya. Hufa kwa sababu lijulikanalo halikumfikia kwa wakati.